Patrice Lumumba Mtoni Sankuru

Patrice Lumumba alizaliwa Onalua mwaka 1925. Alisoma katika misioni, tena akawa karani wa kampuni ya bati katika Maniema yetu. Mwaka 1960 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo.

Alipoondolewa, askari waliizingira nyumba yake. Rafiki zake wakaogopa atauawa. Usiku wa 27 Novemba alitoroka kwa motokari akielekea Stanleyville. Huko Lodi alikwisha vuka Mto Sankuru, lakini mkewe Pauline na mtoto wao wangali ng'ambo. Ndugu, umfikirie pale ukingoni! Wenzake walimsihi asirudi. Akapanda mtumbwi, akarudi, askari wakamkamata.

Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito. Wabelgiji walirudisha jino lake moja tu, mwaka 2022.