Mwalimu Nyerere na hesabu ya umeme wa maji

MFANYABIASHARA wa Mbezi Beach anayegandisha samaki kwenye friza, au fundi anayechomelea mageti kando ya barabara ya Bagamoyo, anaishi jirani na bahari. Lakini sehemu kubwa ya umeme anaotumia inatokana na mito iliyo mbali huko bara. Aliyeiweka nchi kwenye njia hiyo ni Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye nyumba yake ilikuwa Msasani, kwenye pwani hiyo hiyo.

Mwalimu alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Musoma, Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha mwaka 1955 akaacha ualimu ili aiongoze TANU. Hayo yanajulikana. Kinachosahaulika ni kazi yake katika umeme.

Mwaka 1964 Serikali yake ilianza kununua hisa za kampuni za umeme, na kufikia 1975 TANESCO yote ilikuwa mali ya umma. Mwaka huo huo wa 1964 mitambo ya Hale, mto Pangani, ilianza kutoa megawati 21. Nyumba ya Mungu ikafuata mwaka 1968 ikiwa na megawati 8. Kazi kubwa ilikuwa Kidatu, iliyoanza mwaka 1975 kwa megawati 100 na kufikia 204 baada ya kupanuliwa.

Hapo ndipo hesabu ya ghala ilipoingia. Bwawa la Mtera, juu ya mto Ruaha Mkuu, halikujengwa kwanza kwa ajili ya kufua umeme. Lilijengwa litunze maji ya masika, yaachiwe kidogo kidogo kwenda Kidatu wakati wa kiangazi. Mkulima anayeweka mahindi ghalani ataelewa mara moja: umeme wenyewe ni vigumu kuuhifadhi kwa wingi, ila maji yanahifadhika. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja mwaka 1988, Mwalimu akiwa ameshang'atuka urais.

Lawama nayo ipo. Nguzo za umeme zilielekea mijini na viwandani, wakati vijiji vingi, hata vile vya Ujamaa alivyovipenda, vilibaki na vibatari. Na ghala moja halitoshi mvua zikikosekana, kama ilivyotokea mwaka 2006 maji ya Mtera yalipopungua mno, mgawo ukaingia, na wenye friza wakahangaika na jenereta na barafu ya kununua.

Ndoto yake kubwa ilikuwa Rufiji, kwenye korongo lililokuwa na jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa hapo na tembo enzi za Wajerumani. Mwaka 1975 iliundwa RUBADA kusimamia bonde hilo, na wataalamu wa Norwei wakapima. Mradi ulikwama. Mafuta yalipanda bei, ikaja vita ya Kagera, na umeme wake ungekuwa mwingi kupita wateja waliokuwapo. Kwa wakati ule, kusita kulikuwa na sababu.

Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Ujenzi Rufiji ulizinduliwa mwaka 2019, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikamilika, jumla megawati 2,115. Bwawa lilipewa jina lake. Umeme wake hupitia Chalinze kabla ya kufika Dar es Salaam.