Masinde Muliro na deni la mashamba ya Kitale

HENRY Masinde Muliro, mmoja wa wanasiasa waliotajika sana kutoka Magharibi mwa Kenya, alifariki Agosti 14, 1992, punde tu baada ya kutua katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, akitoka London.

Wengi humkumbuka kwa chuo kikuu cha Kakamega kinachoitwa kwa jina lake. Lakini kwa wakulima walio kati ya Bungoma na Endebess, maisha yake hayatenganishwi na suala la ardhi iliyokuwa ya walowezi wa Kizungu.

Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 huko Kimilili. Baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, alirejea nyumbani mwaka wa 1954. Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, mwaka wa 1957, alimbwaga W.W.W. Awori na kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Akiwa naibu wa Ronald Ngala katika chama cha Kadu, alidai kwa dhati kwamba Kitale iwe sehemu ya jimbo la Magharibi. Hata hivyo, Tume ya Mipaka ya Majimbo ya 1962 iliiacha Kitale katika Bonde la Ufa.

Mwaka huo huo, wakati Kadu na Kanu zikiwa katika serikali ya muungano, ulianzishwa mpango wa kuwapa Waafrika makazi kwenye ekari milioni moja. Familia zipatazo 35,000 zilinufaika nchini, zikiwemo zile za Ndalu, Naitiri na Tongaren.

Ardhi hiyo haikuwa ya bure. Serikali iliinunua kutoka kwa walowezi kwa fedha ambazo nyingi zilikopwa ng'ambo, nao wakulima wakatakiwa kuzirejesha kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6.5. Shamba lenyewe ndilo lililowekwa rehani kwa wadhamini wa Hazina ya Makazi.

Baada ya uchaguzi wa 1969, Muliro aliteuliwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Wadhifa huo ulimweka karibu na deni hilo, kwani ni kupitia vyama vya ushirika vya skimu ambapo malipo yalikatwa kutoka kwa mauzo ya maziwa na mazao mengine. Mvua ilipokosa au malipo yalipochelewa, malimbikizo yalizaa riba, na deni likarefuka kuliko ilivyotarajiwa.

Uwaziri wake ulikoma Juni 1975. Akiwa Waziri wa Ujenzi, alipiga kura kuunga mkono ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, na Rais Jomo Kenyatta akamfuta kazi siku hiyo hiyo pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Ford waliodai mfumo wa vyama vingi.

Alipofariki, miaka 30 ilikuwa imetimia tangu mpango wa makazi uanze. Lakini kumaliza kulipa na kufunguliwa deni ni mambo mawili. Mkulima aliyelipa shilingi ya mwisho bado huhitaji taarifa ya akaunti yake, hati ya kuondoa rehani na hati ya uhamisho, ndipo msajili wa ardhi atoe hatimiliki.

Mwenye shamba akifariki kabla ya hapo, warithi hulazimika kuanzia mahakamani kwa kesi ya urithi. Mpaka hatua hizo zikamilike, familia hulima shamba ambalo haliwezi kuliuza wala kulitumia kukopa benki.

Sheria ya Ardhi ya 2012 iliunda upya Hazina ya Makazi, lakini sharti la deni kufutwa kwanza lilibaki, hata kwa skimu za baadaye kama Chepchoina, Endebess.

Muliro aliipigania Kitale kwenye ramani. Kwa familia nyingi, mapigano yaliyofuata yalikuwa ya karatasi moja tu: ile inayothibitisha kwamba deni limekwisha.