Milanković: Mhandisi aliyeipa miamba saa

Jina la Milutin Milanković hutajwa leo kila wanasayansi wanapohesabu umri wa matabaka ya miamba kwa mizunguko ya sayari, lakini mwenyewe alifariki dunia huku wanajiolojia wengi wakiipa kisogo nadharia yake.

Mserbia huyo alizaliwa Mei 28, 1879 katika kijiji cha Dalj, ambacho leo kimo nchini Kroatia. Alisomea uhandisi wa ujenzi mjini Vienna, akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1904 na kujipatia sifa kwa majengo ya zege. Mwaka 1909 aliiacha kazi hiyo na kwenda kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Belgrade.

Huko alijitwika swali zito: kwa nini barafu ilitanda na kuyeyuka mara kwa mara katika nchi za kaskazini? Jibu alilitafuta angani. Umbo la njia ya Dunia kulizunguka Jua hubadilika kwa kipindi cha takriban miaka 100,000. Mwinamo wa mhimili wake, miaka 41,000. Na mhimili huo huyumba kama pia, athari yake ikijirudia kila miaka 23,000 hivi. Mwanga wa jua wa kiangazi unapopungua kaskazini, theluji haiyeyuki yote, na barafu hurundikana.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta Dalj, akiwa ndiyo kwanza ameoa. Utawala wa Austria na Hungaria ulimtia kizuizini, kisha akaruhusiwa kuishi Budapest, ambako aliendelea na hesabu zake maktabani. Kitabu chake kikuu kilikuwa kiwandani Aprili 1941 Belgrade iliposhambuliwa kwa mabomu. Kiwanda kiliharibiwa, lakini kurasa nyingi zilizokwisha kuchapwa zilisalimika.

Alifariki Desemba 12, 1958. Haki yake ilikuja mwaka 1976, pale Hays, Imbrie na Shackleton walipochunguza mashapo ya kina cha kusini mwa Bahari ya Hindi na kukuta humo mizunguko ileile.

Tangu hapo, wanajiolojia huhesabu matabaka yanayojirudia kama mtu ahesabuvyo mapigo ya saa. Mwaka 2018, miamba ya Arizona, Marekani, ilithibitisha kwamba mzunguko mmoja wa miaka 405,000, unaotokana na mvuto wa Mshtarii na Zuhura, haujabadilika kwa miaka milioni 215.