Washington Roebling na Daraja la Brooklyn

Washington Roebling alizaliwa mwaka 1837 katika nchi ya Marekani. Baba yake, John Roebling, alikuwa injinia mashuhuri wa madaraja ya kuning'inia. Mwana akapelekwa katika chuo cha mainjinia mjini Troy, akasoma hesabu na upimaji wa nchi. Masomo yalikuwa magumu mno. Hata baadaye alinung'unika kwamba vijana walishindiliwa maarifa kupita kiasi cha akili zao. Mwaka 1857 akahitimu. Yaliyosalia alifundishwa na kazi yenyewe, akijenga pamoja na baba yake.

Hata mwaka 1869, baba yake alipokuwa akipima mahali pa daraja kubwa la Brooklyn, mguu wake ulipondwa na chombo cha kuvushia watu. Akashikwa na pepopunda, akafa. Washington, mwenye umri wa miaka 32, akarithi kazi ile.

Ili kupata msingi wa minara, walishusha majini makasha makubwa ya mbao yasiyo na sakafu, wakayajaza hewa kwa nguvu ili maji yasiingie, na watu wakachimba ndani yake. Lakini wengi waliotoka humo walishikwa na maumivu makali ya viungo, na wengine wakafa. Upande wa New York walifika futi 78, na mwamba ulikuwa bado chini zaidi. Je, achimbe mpaka mwamba, na watu wazidi kufa? Roebling akauchunguza mchanga, akaona ya kuwa ni mgumu, haukutikisika tangu zamani sana. Akaamuru kazi ikome pale. Mnara unasimama juu ya mchanga ule hata leo.

Mwaka 1872 ugonjwa ule ule ukamlaza yeye mwenyewe. Mkewe, Emily, akajifunza mambo ya madaraja, akawa akipeleka amri zake kwa mafundi.

Mwaka 1878 ikagunduliwa kwamba mwuza waya aliwadanganya, na waya mbovu zimekwisha kutiwa katika kamba za daraja. Kuzitoa hakukuwezekana. Hapo hesabu zikamfaa: tangu mwanzo alizipa kamba nguvu mara sita ya iliyohitajiwa. Akapiga hesabu tena, akaona zimebakiwa na mara tano. Akaongeza waya 150 katika kila kamba.

Daraja likafunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Roebling hakuweza kwenda. Rais Chester Arthur akamwendea nyumbani, akampa mkono.