Garratt: Aliyebuni injini iliyopanda Timboroa hadi Tororo

NILIPOKUWA mwanafunzi uhamishoni Kenya, tulipelekwa kuona Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Pale imesimama injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, jitu la tani 252. Jina la mlima nililikariri siku ile ile. Jina la aliyebuni injini ya aina hiyo nililijua miaka mingi baadaye.

Ni Herbert William Garratt, aliyezaliwa London mwaka 1864. Akiwa kijana mdogo aliingia karakana ya reli ya North London, mtaani Bow, kujifunza ufundi. Mwaka 1889 alivuka bahari kwenda Argentina, kisha akafanya kazi katika reli za Cuba, Lagos na Peru. Sisi tuliokulia nchi za watu tunamwelewa mtu wa namna hii. Hana pake pa kudumu, lakini macho yake yameona mengi.

Reli nyingi za makoloni zilikuwa na shida moja: chuma chepesi, kona kali na milima. Injini yenye nguvu ni nzito, na injini nzito huharibu reli. Mfanyabiashara wa Busia anaijua hesabu hii. Magunia yote ukiyarundika nyuma ya baiskeli moja, gurudumu hupinda.

Dawa ya Garratt, aliyoiombea hataza mwaka 1907, ilikuwa kumgawa jitu huyo. Boila aliiweka katikati juu ya fremu iliyo kama daraja, na kila ncha ya daraja ikaegemea seti yake ya magurudumu na silinda. Maji yalikaa mbele. Nyuma makaa au mafuta. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, iliweza kuwa nene na tanuri likawa na kina, hivyo mvuke ukapatikana tele. Uzito ulitawanyika, na penye kona injini ilijipinda kama jongoo.

Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilikubali wazo hilo, na mbili za kwanza, ndogo tu, zilipelekwa Tasmania mwaka 1909. Garratt alifariki Septemba 1913 akiwa na miaka 49. Injini za mtindo wake zilipita 1,600, karibu zote baada ya yeye kuzikwa.

Kwetu Afrika Mashariki zilifika mwaka 1926. Reli ya Nakuru kuja Tororo hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, nayo wakati huo ilikuwa ya chuma cha kilo 25 hivi kwa mita. Ndiyo maana mwaka 1939 zikaja Garratt za EC3, zenye magurudumu 16 ya kuvuta, kwa ajili ya njia ya Nairobi na Kampala. Pamba na kahawa ya Uganda iliteremka kuelekea Mombasa nyuma ya injini hizo.

Akina Mount Gelai, 34 kwa jumla, walianza kuja mwaka 1955 na kupewa majina ya milima. Ndugu zao wa daraja la 60 walipewa majina ya magavana! Fundi mwenyewe hakukumbukwa.

Wanafunzi wangu hapa Buteba wanazijua treni za dizeli tu. Nikiwachorea Garratt ubaoni, huniuliza dereva alikaa wapi. Alikaa nyuma ya boila, nawaambia, moto mbele yake na tangi la mafuta mgongoni.