Widukind Lenz: Daktari aliyeona kwa akina mama kile ambacho panya hawakuonyesha

Mwaka 1961 kidonge cha usingizi kiitwacho Contergan kilikuwa kikiuzwa Ujerumani Magharibi bila cheti cha daktari. Kilikuwa sokoni tangu Oktoba 1957. Wajawazito walikinywa kutuliza kichefuchefu cha asubuhi, na kampuni iliyokitengeneza, Grünenthal, ilikisifu kuwa hakina madhara. Panya wa maabara walikuwa wamepewa dozi kubwa mno bila kufa. Kwa wengi wakati ule hilo lilitosha. Isitoshe, madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta, na kwamba anachokunywa mama hakimfikii mtoto kirahisi.

Widukind Lenz alikuwa daktari wa watoto na mtaalamu wa mambo ya kurithi katika Chuo Kikuu cha Hamburg. Alizaliwa mwaka 1919, na jina la ukoo wake lilikuwa na doa. Baba yake, Profesa Fritz Lenz, alikuwa miongoni mwa wasomi ambao nadharia zao kuhusu ubora wa damu na mbari zilitumiwa na utawala wa Hitler. Mwana naye alisomea urithi, lakini swali lililompa sifa lilimtaka atazame mbali na damu ya wazazi.

Katikati ya mwaka huo wa 1961 alijiwa na mwanasheria kijana ambaye mwanawe alikuwa amezaliwa na mikono mifupi mno, viganja vikichipuka karibu na bega. Dada wa mwanasheria huyo pia alikuwa amejifungua mtoto wa namna hiyo. Mtu angedhani ni ugonjwa wa ukoo. Lenz alipochunguza hospitali za Hamburg na vitongoji vyake alikuta watoto wengine wengi, wa koo zisizohusiana kabisa, wote wa miaka hiyo michache. Ugonjwa wa kurithi hauzuki ghafla namna hiyo. Ilibidi kiwe kitu kilichoingia majumbani.

Akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Aliuliza kuhusu chakula, sabuni, dawa za kuua wadudu, picha za eksirei na dawa za hospitali. Mwanzoni Contergan haikujitokeza sana, kwa sababu wengi waliiona ndogo mno kutajwa. Mwezi Novemba alianza kuishuku, akarudi kwa akina mama wale wale na kuwauliza kwa jina. Safari hii wengi zaidi walikumbuka.

Tarehe 15 Novemba alipiga simu Grünenthal na kutaka dawa iondolewe. Siku tatu baadaye, kwenye mkutano wa madaktari mjini Düsseldorf, alieleza hofu yake bila kuitaja dawa. Baada ya mkutano alifuatwa na mtu aliyemwomba amwambie kwa siri kama dawa hiyo ilikuwa Contergan. Mtu huyo alikuwa na mtoto wa aina hiyo nyumbani, na mkewe alikuwa ameinywa.

Kampuni haikukubali kwa hiari. Mbele ya maofisa wa serikali ya jimbo, wawakilishi wake walionya kwamba wangekwenda mahakamani iwapo dawa ingepigwa marufuku. Gazeti moja la Jumapili lilipoandika habari hizo, tarehe 26 Novemba, Contergan iliondolewa sokoni mara moja.

Nje ya Ujerumani mambo hayakwenda kwa kasi hiyo, na kosa la aina hii mfanyabiashara wa mpakani atalielewa haraka. Kemikali yenyewe, thalidomaidi, ilikuwa imevuka mipaka kwa majina mengi. Uingereza iliitwa Distaval, Canada iliitwa Kevadon, kwingineko Softenon. Aliyesikia kwamba Contergan ni hatari hakuwa na sababu ya kushuku pakiti yenye jina jingine mkononi mwake. Canada iliendelea kuiuza hadi Machi 1962, na Japani hadi Septemba mwaka huo. Watoto wapatao 10,000 duniani walizaliwa wakiwa wameathirika, na wengi wao hawakuishi muda mrefu.

Maabara zikarudi kwenye wanyama. Panya wajawazito walipewa thalidomaidi na kuzaa watoto wenye miguu kamili. Mwaka 1962 watafiti nchini Uingereza waliwapa sungura weupe, na hapo ndipo viungo vilivyopotoka vilipoonekana. Nyani baadaye walionyesha madhara yanayofanana zaidi na ya binadamu. Kondo la panya na la mwanamke havijajengwa sawasawa, na hata protini ambayo dawa hii huinasa mwilini ina tofauti ndogo inayomkinga panya. Tangu wakati huo, dawa mpya hupimwa kwa wanyama wajawazito wa aina zaidi ya moja, na watafiti hutumia pia kondo la binadamu lililotolewa baada ya kujifungua, likapitishiwa maji yenye dawa kwa saa chache kabla halijafa.

Kesi dhidi ya maofisa wa Grünenthal ilianza mwaka 1968. Lenz alitoa ushahidi kwa siku nyingi, na mawakili wa utetezi wakamchambua kama mshitakiwa. Mwishowe mahakama ilimweka kando ikidai anaegemea upande wa wazazi, jambo ambalo ni gumu kulipinga, maana alikuwa ameketi sebuleni mwao. Kesi ilifungwa Desemba 1970 bila hukumu, kampuni ikiwa imekubali kulipa marki milioni 100 kwa ajili ya watoto.

Yeye alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Münster. Aliendelea kuwapima walioathirika, akasafiri hadi Japani kuwasaidia wazazi katika kesi yao, na kukokotoa siku zenye hatari. Hizo ni kati ya siku ya 34 na ya 50 tangu hedhi ya mwisho, wakati ambapo wanawake wengi bado hawana hakika kama ni wajawazito. Alifariki Februari 1995. Thalidomaidi yenyewe haijafa. Inatibu maumivu makali yanayowapata wagonjwa wa ukoma, pamoja na saratani ya uboho, na nchini Brazil, ambako ilisambazwa kwa ajili ya ukoma, watoto wengine walizaliwa bila mikono miaka mingi baada ya 1961.