Mzee Kenyatta na moyo uliofanywa siri ya serikali

JUMATATU ya Agosti 21, 1978, Mzee Jomo Kenyatta alikuwa Msambweni katika iliyokuwa Wilaya ya Kwale, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Wenyeji walimpokea kwa ngoma, naye akaketi kuzitazama, kwani katika uzee wake hakuna burudani aliyoipenda kushinda hiyo. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyochapishwa miaka ya baadaye, hali yake ilibadilika akiwa huko huko Msambweni na ikalazimu aondolewe mbele ya hadhara. Alirejeshwa Ikulu ya Mombasa. Kabla ya alfajiri ya Jumanne, Agosti 22, rais mwanzilishi wa Jamhuri ya Kenya alikuwa ameaga dunia kwa maradhi ya moyo.

Kwa wananchi wengi habari hiyo ilikuwa kama radi katika anga tulivu. Kwa wachache waliomzunguka haikuwa hivyo. Mwili wa Mzee ulikuwa umetoa onyo kwa zaidi ya miaka kumi, na onyo hilo lilihifadhiwa kama nyaraka za siri.

Pwani ilikuwa mlango wake wa kutokea na wa kurejea. Mnamo Februari 1929, akiwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa jarida la Muigwithania, ni katika bandari ya Mombasa alikopanda meli kwenda London kuwasilisha malalamiko ya ardhi ya Wakikuyu. Alirudi mwaka uliofuata, akaondoka tena mnamo 1931, na safari hii hakuonekana nyumbani kwa miaka 15. Alipoteremka Mombasa Septemba 1946, kijana aliyekuwa akisoma mita za maji kwa niaba ya manispaa ya Nairobi alikuwa sasa mtu wa makamo, mwanafunzi wa zamani wa Bronislaw Malinowski katika chuo cha London School of Economics, mwandishi wa Facing Mount Kenya kilichotoka mnamo 1938, na mmoja wa waliohudhuria Kongamano la Umajumui wa Afrika lililofanyika Manchester mwaka wa 1945.

Hakuijua tarehe aliyozaliwa. Wanahistoria wengi huiweka katika miaka ya 1890, huko Ngenda, Gatundu. Jina lake la kwanza lilikuwa Kamau wa Ngengi. Wamisheni wa Kiskoti wa Thogoto wakambatiza Johnstone mnamo 1914. Lile la Kenyatta likatokana na mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Kutojua umri kwa hakika si jambo dogo mbele ya daktari, kwa kuwa umri ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayopimwa anapofikiriwa mgonjwa wa moyo.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtoto wa shule: kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, hukumu ya miaka saba na kazi ngumu iliyotolewa Aprili 1953. Huko Lokitaung, katika joto la Turkana, wafungwa wenzake walivunja mawe ilhali yeye, kwa sababu ya umri wake, alifanywa mpishi wao wa maharagwe na posho. Inafaa kukumbukwa kwamba hata wakoloni, ambao hawakumtakia mema, waliona kuwa huyu alikuwa amekwisha kuwa mzee. Alipofanywa Waziri Mkuu Juni 1, 1963, alikuwa na umri ambao watu wengi huwa wamestaafu. Urais aliupata Desemba 12, 1964.

Mnamo 1966 alipatwa na kiharusi kidogo. Cha pili kilimpata Mei 1968. Zaidi ya hayo alikuwa na jongo na moyo wenye matatizo. Hakuna lolote kati ya haya lililotangazwa kwa uwazi. Daktari wake kwa miaka mingi alikuwa Dkt Njoroge Mungai, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Lakini Dkt Mungai alikuwa pia jamaa yake, waziri katika serikali yake, na mmoja wa wale waliotajwa kila palipozungumzwa habari za urithi wa kiti. Mpangilio huo haukuwa mwema, hata kama kila aliyehusika alikuwa na nia safi. Mahali ambapo hali ya mgonjwa ni mtaji wa kisiasa, cheti cha daktari hukoma kuwa cha mgonjwa.

Hofu ya moyo huo iliandika sheria. Katika mwaka ule ule wa 1968, Katiba ilibadilishwa ili Rais akifariki, Makamu wa Rais ashike hatamu kwa siku 90 tu, huku uchaguzi ukiandaliwa. Mnamo 1976 wanasiasa waliompinga Daniel arap Moi walizunguka nchini wakitaka kifungu hicho kiondolewe. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwazima kwa kuwakumbusha kwamba kuwaza au kupanga kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Tangu hapo lililokuwa swali la kitabibu likawa halinong'onwi hata mezani.

Hapa ndipo kinapoingia kipimo ambacho kingeweza kusema bila woga. Elektrokadiogramu, ambayo wahudumu wa afya huiita kwa kifupi ECG, husoma umeme mdogo unaopita moyoni katika kila pigo na kuuchora kwenye karatasi. Mholanzi Willem Einthoven ndiye aliyeifanya iaminike mwanzoni mwa karne ya 20, akatuzwa Nobel mwaka wa 1924. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na uzani wa kilo zipatazo 270, na mgonjwa alilazimika kutumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto katika ndoo za maji ya chumvi. Kufikia 1978 ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha kubebwa mkononi, ingawa kilikuwa bado chombo cha hospitali kubwa wala si cha zahanati.

Utaratibu wake ni mwepisi. Vibandiko 10 vyenye waya huwekwa, vinne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, na mashine hutoa michoro 12 inayoutazama moyo kutoka pembe tofauti. Mstari fulani ukiwa umeinuka mahali unapopaswa kutulia, maana yake kwa kawaida ni kwamba mshipa mkubwa unaolisha msuli wa moyo umeziba na msuli unakufa dakika baada ya dakika. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo huonekana papo hapo. Ndiyo sababu hata mgonjwa wa kiharusi hupimwa moyo: damu inayotuama katika moyo unaopapatika huganda, na pande likichomoka huenda kuziba mshipa wa ubongo.

Miongozo ya sasa ya matibabu ya dharura inataka mgonjwa mwenye maumivu ya kifua afanyiwe kipimo hiki ndani ya dakika 10 tangu amfikie mhudumu wa afya. Mchoro wa kwanza ukiwa safi, mgonjwa harudishwi nyumbani kwa sababu hiyo pekee. Kipimo hurudiwa, na damu huchunguzwa kuona kama msuli wa moyo umejeruhiwa. Wazee, wanawake na wenye kisukari ndio wanaowahadaa madaktari zaidi. Kifua chao huenda kisiume kamwe. Huja wakilalamikia kuishiwa na pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu, au uchovu ambao jamaa huuhesabu kuwa uchovu wa safari na jua. Mzee wa miaka 80 hivi anayelegea katika sherehe za mchana za Msambweni ni mgonjwa wa namna hiyo hasa.

Je, kipimo kingemwokoa Mzee? Haki inataka isemwe kwamba tiba ya wakati ule ilikuwa na kikomo. Dawa za kuyeyusha mgando wa damu zilikubalika kote baada ya utafiti mkubwa wa Italia wa mwaka 1986, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 11,000. Mnamo 1978 daktari aliyeona hatari katika mchoro angeweza kumlaza mgonjwa, kumpa oksijeni na dawa ya maumivu, kumwangalia usiku kucha kwenye mashine, na kuushtua moyo kwa umeme endapo mapigo yangevurugika. Si mengi, lakini yanahitaji kitanda cha hospitali badala ya chumba cha kulala cha Ikulu.

Tofauti kati ya enzi hiyo na hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na huko huko Kusini mwa Pwani ndiko inakoweza kuonekana. Msambweni ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Kutoka hapo hadi Mombasa mgonjwa alikuwa hana budi kusubiri feri ya Likoni, mpaka barabara ya Dongo Kundu ilipofungua njia nyingine ya kulifikia bara kupitia Miritini. Mvuvi wa Gazi au mhudumu wa hoteli ya Diani aliyeshikwa na kifua usiku anaweza kuanzishiwa dawa kabla ya kuvuka, mradi kuwe na mashine inayofanya kazi, karatasi ya kuchapia, na mtu wa zamu anayejua kuusoma mchoro. Ikikosekana moja kati ya hizo tatu, safari huanza gizani.

Wenyeji wa Kwale wana sababu nyingine za kumkumbuka Kenyatta, na si zote za sifa. Malalamiko ya ardhi ya Pwani, yakiwemo ya viwanja vya ufuoni vilivyogawiwa wenye vyeo katika miaka ya utawala wake, yaliingizwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Aliyeivuka bahari kudai ardhi ya watu wake aliwaacha wengine wakiidai yao. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, wala ngoma za Msambweni haziwezi kulifunika.

Wiki moja kabla ya kifo chake, alikuwa amewakusanya jamaa zake huko Mombasa, akiwemo mwanawe Peter Magana aliyetoka Uingereza. Huenda ilikuwa sadfa. Huenda mzee alijisikiliza mwenyewe kuliko alivyosikilizwa.

Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Eliud Mahihu, ndiye aliyempigia simu Makamu wa Rais, aliyekuwa nyumbani kwake Bonde la Ufa. Moi akafunga safari ya Nairobi. Mchana, Sauti ya Kenya ilitangaza msiba, na siku hiyo hiyo kifungu cha siku 90 kilichozaliwa mwaka wa kiharusi cha pili kikatumika kwa mara ya kwanza. Kenyatta alizikwa Agosti 31 katika uwanja wa Bunge. Oktoba 14, 1978, kabla ya siku hizo 90 kwisha, Moi aliapishwa kuwa Rais wa pili.